Pichhwai za Nathdwara na Nafasi ya Katikati

Pichhwai, vitambaa vya ibada vya mji wa Nathdwara katika jimbo la Rajasthan, India, zina historia ya pekee: nyingi wanazouziwa wageni siku hizi zina kitu kimoja ambacho pichhwai ya hekaluni aghalabu haina, nacho ni mungu mwenyewe. Ukiingia katika duka la michoro mjini Udaipur na kuulizia sanaa ya Nathdwara, muuzaji atakukunjulia kitambaa ambacho katikati yake amesimama mtoto mweusi mwenye macho marefu yaliyoinama, mkono wa kushoto ameuinua juu ya kichwa, ngumi ya mkono wa kulia ameiweka kiunoni, na mashada ya maua yanamning'inia toka shingoni hadi chini ya magoti. Huyo ni Shrinathji, yaani mungu Krishna katika umbo la mtoto, na kwa mnunuzi yeye ndiye picha. Lakini ukibahatika kuona kitambaa cha zamani kilichochorwa ili kitundikwe katika chumba cha ibada, huenda ukakuta wanawake wamesimama pande mbili, wameshika mashada na pepeo, nyuso zao zote zimeelekea katikati, na hapo katikati hapana mtu. Pana mti wa kadamba uliojaa majani na maua, au pana eneo pana la rangi moja lisilo na kitu.

Sababu yake ni nyepesi. Kitambaa hicho hutundikwa nyuma ya sanamu, na sanamu ndiyo inayokaa katikati. Mchoraji hana haja ya kumchora bwana mahali ambapo bwana mwenyewe atasimama. Nimeamua kuandika juu ya nafasi hiyo kwa kuwa naona ndiyo inayoifafanua sanaa nzima, tangu namna macho ya ng'ombe yanavyochorwa hadi biashara yake ya leo, na kwa kuwa maelezo mengi yanayosambaa juu ya pichhwai huizungumzia kana kwamba ni picha ya ukutani kama picha nyingine yoyote.

Niliishi Udaipur nikiwa mwanafunzi, na Nathdwara iko kaskazini yake, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kwa basi. Mimi si Mhindu, sikuwahi kuingia katika chumba cha Shrinathji wala sikuomba kuingia. Kupiga picha humo kumekatazwa hata kwa waumini wenyewe, hivyo ninayoyasema juu ya mpangilio wa ndani ni yale niliyoelezwa na wachoraji na waumini, pamoja na yale yaliyokwisha kuandikwa. Katika vichochoro vya wachoraji vilivyo karibu na hekalu hakuna aliyenizuia, na huko ndiko nilikopoteza Jumamosi nyingi ambazo zingenifaa zaidi maktabani.

Sura ya Shrinathji haikuwa ngeni kwangu. Aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Unguja na akawahi kutumwa dukani kwa Mhindi huenda ameiona juu ya meza ya fedha: picha ya chapa katika fremu ya kioo, shada la maua likiizunguka, kijiti cha ubani kikifuka chini yake. Wengi wetu tuliiona tukapita. Mabaniani wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, ambao nyumba yao ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha ya Unguja tangu enzi za Seyyid Said na kwa miongo mingi ya karne ya 19, walikuwa wafuasi wa madhehebu haya haya, na miongoni mwa Wagujarati waliowafuata katika pwani yetu walikuwamo wengi wa imani hiyo. Kwa hiyo mtoto huyo mweusi mwenye mkono uliopandishwa amekaa nasi muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Madhehebu yenyewe yanaitwa Pushtimarg, njia ya neema, na mwanzilishi wake ni Vallabhacharya, aliyezaliwa mwaka 1479. Waumini husimulia kwamba sanamu ya Shrinathji haikuchongwa na mkono wa mtu, bali ilijitokeza yenyewe katika kilima cha Govardhan, katika nchi ya Braj karibu na Mathura, mkono kwanza na uso baadaye. Mkono huo unakumbusha kisa cha Indra, mungu wa mvua, aliyekasirika wafugaji walipoacha kumtolea sadaka wakautukuza mlima uliowapa malisho. Akawateremshia gharika. Krishna, ambaye bado alikuwa mtoto, akaunyanyua mlima mzima kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akawakinga watu na mifugo yao kwa siku saba mpaka Indra akanyenyekea. Vitthalnath, mwana wa Vallabhacharya, ndiye aliyeipa ibada hiyo utaratibu wake wa mavazi, vyakula na nyimbo, na bila utaratibu huo pichhwai isingekuwa na kazi ya kufanya.

Mwaka 1669, katika utawala wa Aurangzeb, mfalme wa dola ya Mughal, walinzi wa sanamu waliiondoa Govardhan kwa kuhofia kuvunjwa kwake. Baada ya kuhamahama kwa muda mrefu, mwaka 1672 iliwekwa katika kijiji cha Sihad katika milki ya Mewar, chini ya hifadhi ya Maharana Raj Singh. Inasemekana magurudumu ya gari lililoibeba yalizama matopeni yasisogee, na makuhani wakafahamu kwamba bwana wao amechagua makazi. Mji uliokua kuizunguka ndio Nathdwara. Palipo na mungu anayetaka nguo mpya kwa kila majira, wachoraji nao hawakawii kufika.

Jengo analokaa Shrinathji huitwa haveli, jumba la mtu mwenye nasaba, wala halina mnara mrefu kama mahekalu mengine mengi ya Kihindu. Siku hizi msafiri anayekaribia mji huiona kwanza sanamu ya Shiva iliyozinduliwa mwaka 2022 juu ya kilima, yenye urefu wa futi 369, na sijui kama kuna mji mwingine ambamo mgeni mkubwa namna hiyo amejengwa karibu na mwenyeji anayejificha namna hiyo. Shrinathji hutunzwa kama mtoto wa miaka saba anayeishi kwao. Huamshwa alfajiri kwa nyimbo za taratibu, huvishwa, huhesabiwa kuwa amekwenda machungani na ng'ombe, hupewa chakula cha mchana, hulala, huamshwa tena alasiri, na usiku hulazwa. Mlango wa chumba chake hufunguliwa mara nane kwa siku ili watu wamwone, kuanzia Mangala ya alfajiri hadi Shayan ya usiku, na kila mara kwa kitambo tu. Kisha pazia hufungwa kwa sababu mtoto anataka kula au kupumzika, na aliyesafiri siku mbili kwa treni akamwona kwa dakika moja huku akisukumwa na umati hutoka nje ameridhika kabisa.

Katika dakika hiyo kila kitu anachokiona kimechaguliwa kwa ajili ya siku ile na saa ile. Kilemba cha mtoto, vito vyake, rangi ya kitambaa alichovaa, chakula kilichowekwa mbele yake, raga (mtindo wa wimbo) inayoimbwa na kitambaa kilicho nyuma yake vinapaswa kwenda pamoja. Pichhwai ni sehemu ya mavazi kuliko ilivyo pambo la ukuta, na ndiyo maana si zote zinazochorwa. Wakati wa baridi hutundikwa mahameli na hariri nzito za zari ili chumba kiwe na joto, angalau kwa macho. Nyingine hutariziwa, nyingine ni kitambaa kitupu cha rangi inayotakiwa siku hiyo. Zilizochorwa ni tawi moja la mti huu, ingawa ndilo lililopata sifa duniani.

Majira ya joto huko Rajasthan hayana mzaha, na mtoto lazima apozwe. Kitambaa huwa chepesi, na mchoraji hujaza maziwa ya maji yaliyofunikwa na yungiyungi waridi, majani mapana ya kijani, na ndege weupe wanaotafuta samaki kati ya mashina. Ukikitazama kwa muda unahisi ukungu wa asubuhi, nami niliwahi kukaa mbele ya kitambaa cha namna hiyo mwezi wa tano nikasahau kwa muda kwamba feni ya chumba kile ilikuwa imeharibika. Mvua zinapoanza, mawingu meusi hupanda juu ya kitambaa, umeme huchorwa kwa nyuzi za dhahabu, na tausi hukunjua mikia yao, kwa kuwa tausi hucheza wingu linapotanda na Krishna ana rangi ya wingu.

Inayonivutia kuliko zote ni ya Sharad Purnima, usiku wa mwezi mpevu mvua zinapokwisha, mnamo mwezi wa tisa au wa kumi. Usiku huo Krishna alipiga filimbi, na wanawake wa wafugaji wakaacha vyungu jikoni na watoto vitandani wakamfuata msituni kucheza ngoma ya duara. Kila mmoja alimtaka awe naye, naye akajizidisha hata kila mwanamke akaona kwamba anacheza na yeye peke yake. Mchoraji anatakiwa kuuchora usiku unaong'aa, kazi ngumu kwelikweli, kwa sababu akiweka weusi mwingi mwezi hauonekani, na akiweka weupe mwingi usiku unapotea. Wachoraji wazuri huutandaza usiku kwa kijivu chenye bluu kidogo, wakaacha nguo za wanawake zichukue mwanga wote, kisha wakadondoa fedha kwenye ncha za majani. Wachoraji wa haraka hupaka bluu iliyokolea, wakaweka duara jeupe juu, wakadhani kazi imekwisha.

Sikukuu nyingine nazipita kwa upesi, ingawa kila moja ina mapichhwai yake. Siku ya kuzaliwa Krishna, mizinga 21 hupigwa usiku wa manane. Siku inayofuata Diwali ni Annakut, karamu ya kuukumbuka mlima wa Govardhan, ambapo wali hurundikwa mbele ya mungu hadi uwe mlima, ukizungukwa na safu za vikapu vya vitamu na vyungu vya samli. Ibada ikiisha, watu wa kabila la Bhil, wenyeji wa vilima vya huko, huingia na kuuchukua wali ule kwa kugombania, na hiyo ni haki yao ya tangu zamani. Katika vitambaa vya Annakut mungu mwenyewe huchorwa akiwa na sanamu ndogo za madhehebu zilizokusanywa kumzunguka, kwa hiyo kanuni ya nafasi tupu haikazi kila mahali. Naitaja ili mtu asije akanikuta na kitambaa cha Annakut mkononi akasema nimedanganya.

Lakini tuirudie nafasi yenyewe. Msomaji anayevaa kanga au anayezitoa kanga sandukuni ataelewa haraka mpangilio wa pichhwai nyingi: pindo linazunguka, na mji uko katikati, ila hapa jina haliandikwi kwenye kitambaa, husimama mbele yake. Katika aina moja mashuhuri, pindo limegawanywa vyumba 24, na kila chumba kina Shrinathji mdogo aliyevaa mavazi ya sikukuu mojawapo ya mwaka. Katika aina za wanawake na mti, wachoraji hawakuiacha katikati tupu kwa uvivu. Mti wa kadamba ndio ambao Krishna hukaa chini yake katika visa vya Braj, na ukichorwa peke yake waumini humwona yeye. Sanamu nyeusi ikisimama mbele ya majani ya kijani yaliyokolea, taji na vito vyake vinatokeza. Matawi hufunguka juu ya kichwa kama mwavuli wa kifalme, na wale wanawake wa rangi pande mbili huwa kama wameingia chumbani pamoja na waumini. Sanamu ikiondolewa, wanawake hao wanatazama mti.

Jambo hili nililiona kwa karibu zaidi katika chumba cha mchoraji mmoja mzee, ambaye kila mtu katika kichochoro alimwita kwa heshima ya mwalimu. Alikuwa ameketi sakafuni, goti moja limekunjwa, kitambaa kimetandazwa juu ya ubao mbele yake, akichora ng'ombe wa Gopashtami, sikukuu ya ng'ombe. Katika sikukuu za majira hayo ng'ombe wa hekalu hupambwa kwelikweli kwa njuga, manyoya ya tausi na alama za viganja vya rangi ubavuni, na wale wa kitambaani walipambwa vivyo hivyo: viganja vyekundu kwenye ngozi nyeupe, vidole vitano vikihesabika kwa kila kiganja, ingawa kiganja chenyewe hakikuzidi punje ya mchele. Umbo la ng'ombe alilihamisha kwa karatasi iliyotobolewa kwa sindano kufuata mistari ya mchoro. Alipigapiga juu yake kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa, akainua karatasi, na ng'ombe wa vumbi akabaki pale chini. Karatasi hizo hurithiwa, na baadhi zimetobolewa mara nyingi hata zinashikana kwa nguvu za Mungu tu.

Alipofika kwenye macho alipunguza mwendo. Burashi yake ilikuwa ya manyoya ya mkia wa kindi, imechongoka hadi kubaki na nywele chache. Hakugeuza kiganja chake kufuata mviringo wa jicho. Aligeuza kitambaa, akiuacha mkono pale pale ulipo. Niligundua kwamba ng'ombe wa upande wa kushoto hawakutazama kulia tu, walitazama kulia na juu kidogo, na wale wa upande wa kulia walitazama kushoto na juu kidogo, na mistari ya macho yao yote, ukiifuata kwa kidole, ilikutana mahali pasipochorwa kitu. Nilimuuliza ni kitu gani wanachokitazama. Akaunyanyua mkono wake wenye burashi mbele ya kitambaa, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye kitambaa hicho, akauacha hewani kuonyesha ambapo uso wa sanamu ungefika. Ng'ombe wale walikuwa wakikitazama kitu kilicho nje ya picha.

Kitambaa chenyewe ni cha pamba nzito. Hupakwa uji wa wanga wenye gundi, hukaushwa, kisha husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka nyuzi zilale na uso wake uwe laini kama karatasi nzuri. Mchoro wa kwanza hufanywa kwa mkaa wa vijiti vya mkwaju. Rangi za asili hutoka pengi: nyeusi ni masizi ya taa, nyeupe ni ya zinki, nyekundu husagwa kutoka katika madini ya zebaki, njano ya zamani ni ya madini yenye sumu ya arseniki, bluu ni nili, na zote huchanganywa na gundi ya mgunga ili zishike. Dhahabu husagwa na gundi hadi iwe kama wino, na ikikauka husuguliwa tena kwa akiki iwake. Rangi zilizokwisha kuchanganywa huwekwa katika makombe ya baharini, na kwa mtu wa pwani inashangaza kuyakuta makombe katikati ya nchi kavu vile, yakiwa yamepangwa sakafuni kwa safu, kila moja na rangi yake. Wengi siku hizi hutumia rangi za dukani, hasa kwa kazi za bei nafuu, na hawakuficha jambo hilo nilipouliza.

Sasa, ikiwa katikati ni pa sanamu, huyu Shrinathji aliyechorwa alitoka wapi? Alitoka kwa mahujaji. Aliyekuja Nathdwara kutoka Gujarat au Bombay alimwona mungu wake kwa dakika moja, na hakuruhusiwa kuondoka na chochote cha chumba kile isipokuwa chakula kilichobarikiwa. Alitaka kumbukumbu ya kutundika nyumbani, na nyumbani kwake mara nyingi hapakuwa na sanamu ya kusimama mbele ya kitambaa. Mchoraji akaijaza nafasi. Akamchora mtoto kama alivyovaa siku ambayo mteja alimwona, makuhani wakiwa pembeni na mienge ya samli mikononi, na mara nyingine mteja mwenyewe na mkewe wakiwa wamesimama chini kwa unyenyekevu. Kamera ilipofika, mambo yakawa ya ajabu na ya kupendeza: uso wa mfanyabiashara hukatwa kutoka kwenye picha aliyopigwa studioni, ukabandikwa juu ya mwili uliochorwa kwa rangi, na sharubu zake za kweli zikawa karibu na mungu ambaye hakuna kamera iliyoruhusiwa kumkaribia. Ghasiram Hardev Sharma, aliyeishi kati ya 1868 na 1930 na ambaye pengine ndiye mchoraji mkubwa kuliko wote waliopata kutokea katika mji ule, alikuwa pia mpiga picha, na katika kazi zake miili ina uzito na kivuli ambavyo vizazi vilivyomtangulia havikuvijali.

Hatua iliyofuata ilikuwa chapa. Katika miaka ya 1920 kampuni ya S. S. Brijbasi, ambayo wakati huo ilikuwa Karachi, ilianza kuwaagiza wachoraji wa Nathdwara, miongoni mwao Narottam Narayan Sharma, wachore picha za miungu, ikazipeleka Ujerumani zikapigwe chapa za rangi, na nakala zikasambaa kila palipokuwa na Mhindi wa kuzinunua. Nikiikumbuka ile fremu ya dukani kwetu, naona nyuma ya mtoto kipande cha kitambaa chenye maua. Watoto wa mtaa wetu tulidhani ni karatasi ya ukutani. Ilikuwa pichhwai, imechorwa ndani ya picha, ikifanya kazi yake ile ile ya kusimama nyuma.

Kabla ya hapo Wagujarati waliohamia Dekani, nyanda za juu za kusini mwa India, kwa biashara walikuwa wameagiza pichhwai za namna yao: kitambaa cha pamba kilichotiwa nili hadi kikaribie weusi, kisha ng'ombe na wanawake wakawekwa juu yake kwa karatasi za dhahabu na fedha. Moja ya hizo, ya sikukuu ya ng'ombe, iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, na kila upande wake una takriban mita mbili na nusu. Sina ugomvi na makumbusho. Vitambaa vya hekaluni vilitumika mpaka vikachoka, kwa moshi wa samli na ubani, na bila watozaji wa Ahmedabad, London na New York tusingekuwa na vya karne ya 18 vya kuvitazama. Mwaka 2015 taasisi ya sanaa ya Chicago ilifungua maonyesho makubwa ya michoro ya Shrinathji. Shida yangu ni ndogo, ya mtu aliyekaa sakafuni na wachoraji: makumbusho hutundika kitambaa peke yake, taa zikilenga katikati, na mtazamaji husimama mbele ya mti akijiuliza kwa nini wanawake wote hawa wanautazama. Fimbo tupu iliyosimamishwa kwa urefu wa sanamu ingemsaidia kuliko aya tatu za maelezo ukutani.

Katika soko la leo nafasi ya katikati imerudi kuwa tupu, kwa sababu nyingine kabisa. Wapambaji wa nyumba za Mumbai na Delhi wanaipenda pichhwai, na wateja wao wengi wanataka ng'ombe weupe na yungiyungi bila mungu, kwa kuwa kitambaa kitakaa nyuma ya kochi au juu ya meza ya chakula, na haifai mungu aangalie watu wakila nyama au wakinyanyua glasi. Hoteli nazo zinataka hivyo hivyo. Matokeo yake ni vitambaa ambavyo kwa mpangilio vinakaribiana na vile vya hekaluni kuliko picha za mahujaji, ila macho ya ng'ombe yamesawazishwa. Wanatazama mbele, au wanatazamana, kwa kuwa hakuna anayetarajiwa. Mwaka 2023 serikali ya India iliisajili pichhwai ya Nathdwara kuwa bidhaa yenye jina la asili ya mahali, hatua nzuri dhidi ya vitambaa vya mashine vinavyouzwa kwa jina hilo, ingawa usajili hauwezi kusema lolote juu ya macho ya ng'ombe.

Baadhi ya wapenzi wa sanaa hulalamika kwamba kazi ya namna hiyo ni kuisaliti dini. Sikusikia lalamiko hilo katika vichochoro vya Nathdwara. Mchoraji ana watoto wa kusomesha, na ng'ombe wa hotelini anamlipa vizuri kuliko ng'ombe wa kuhani. Yule mzee alifanya kazi za aina zote mbili, akizichora kwa uangalifu ule ule, lakini alizitenganisha tangu siku ya agizo. Mteja akiingia, kabla ya kuzungumza bei, humuuliza kama nyumbani ana sanamu. Asiyenayo huulizwa rangi ya ukuta. Aliyenayo huombwa aipime kutoka miguuni hadi utosini, na kipimo hicho huandikwa kwa penseli kwenye ukingo wa kitambaa kabla ya mti kuanza kuchorwa.